Wajane Kumi na Wawili, Jibu Moja

Husna alivua visikilizio masikioni, akavilaza juu ya daftari, akavitazama kama mtu aliyehesabu vifaranga mara tatu na mara zote kakuta pungufu.

"Mama," akasema, "hawa mama zangu wote wamesema kitu kimoja."

Rogathe alikuwa mlangoni akipepeta maharage. Hakuinua uso. Ungo ulipanda ukashuka, makapi yakaenda na upepo wa Julai unaoshuka kutoka msitu wa Shengena, upepo unaomfanya mtu avae sweta juu ya sweta.

"Kitu gani, mwanangu?"

"Nani kasema nini sikutajii, hiyo ni siri yao, nimeweka saini. Lakini hii sentensi naweza kukusomea, maana haina mwenyewe." Akafungua daftari. "'Nilipofiwa nililia siku saba, nikanyamaza, nikamshika Yesu, na sasa sina neno.' Mshiriki wa kwanza. Mshiriki wa pili, siku saba, sina neno. Wa tatu. Wa nne. Mpaka wa kumi na moja, mama. Hata mmoja hajalia siku nane?"

"Labda ndivyo wanavyojisikia," Rogathe akasema, akamwaga maharage kwenye beseni kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alijua vizuri ile sentensi ilikotoka. Ilitoka kinywani mwake.

Husna alikuwa ameletwa kijijini Myamba na tangawizi, ukitaka kusema kweli. Marehemu baba yake, Hamidu, alikuwa mfanyabiashara wa Same mjini, na kwa miaka mingi alipanda mlima kila msimu kununua tangawizi ya Rogathe na mumewe. Alipofariki, mkewe Bahati aliendelea na biashara. Sasa binti yao anasomea saikolojia chuoni, mwaka wa mwisho, na chuo kimemwambia akafanye utafiti: awasikilize wajane kumi na wawili wanavyoishi na msiba wao, arekodi, aandike neno kwa neno, kisha atafute maana. Bahati akapiga simu: "Mama Eliezeri, mtoto wako anakuja." Basi. Rogathe akanunua sufuria mpya ambayo haijawahi kuona nyama ya nguruwe, akamwonyesha binti kibla kwa kukisia, wakaanza kuishi. Alfajiri mmoja anaswali chumbani, mwingine anasoma neno jikoni, halafu wanakutana kwenye chai ya tangawizi kila mmoja akiwa amemalizana na Mungu wake.

Shida ilianzia kanisani. Mchungaji alitangaza Jumapili, kwa nia njema kabisa, kwamba kuna mgeni wa saikolojia atakayewauliza wajane maswali. Baada ya ibada wajane wakabaki nyuma, na Yudith, katibu wao, mwanamke mwenye mwandiko mzuri na mashaka mengi, akauliza saikolojia ndiyo nini.

"Ni habari za akili," mtu akajibu.

"Ahaa. Basi anatafuta wajane waliochanganyikiwa."

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Nani anataka kuandikwa chuoni kwamba akili yake ilikwenda na jeneza? Wakamgeukia Rogathe, mwenyekiti. Na Rogathe, aliyeishia darasa la saba lakini akafundisha watoto wa kipaimara miaka kumi na sita, alifanya kile alichokijua. Katika kipaimara swali lina jibu lake. Mtu mzima mwenye karatasi anakaa mbele yako, anauliza, nawe unajibu kama ulivyofundishwa. Ukiongeza la kwako unaaibisha wazazi na usharika. Alhamisi wakakutana, akawapanga mstari, akawauliza mmoja mmoja. Bibi Justa, mwenye miaka sabini na minne, alikosea mara mbili, akarudishwa nyuma ya mstari kama mtoto.

"Siku ngapi, bibi?"

"Tano."

"Saba."

"Mimi nililia tano, Rogathe. Ya sita nilikuwa nimechoka."

"Saba, bibi. Tuwe kitu kimoja."

Na wakawa kitu kimoja. Huo ndio ubaya wake.

Simu ya Husna ililia kidogo pale mezani. Akasoma, akasoma tena, akaigeuza kifudifudi.

"Ni msimamizi wangu wa chuo," akasema. "Nilimtumia yale niliyoandika. Anasema haya ni mahubiri, hakuna mtu ndani yake. Ananipa mpaka Jumatatu. Nisipopata mahojiano ya maana, nirudie utafiti mwakani."

"Mwakani?"

"Wenzangu wavae majoho mwaka huu, mimi niwapige picha." Akajaribu kucheka. "Si kosa lao, mama. Ni mimi. Nadhani siwezi kuuliza. Mtu akiwa na uchungu ananiona mimi anafunga mlango."

Rogathe akaenda kukoka moto wa makande. Moto uliwaka mara moja, kuni zilikuwa kavu, lakini alibaki ameinama pale akiupuliza.

Jioni waliposhukuru chakula, Rogathe alisali kama kawaida yake: akaombea mvua, akaombea wagonjwa, akaombea Eliezeri wake aliyeko Arusha. Alipofika mahali pa kumwombea mgeni afanikiwe katika masomo yake, ulimi ukagoma. Unamwombaje Mungu afungue mlango ambao umeuegemea wewe mwenyewe kwa mgongo? Akasema amina katikati ya sala. Husna, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, akafumbua jicho moja.

"Husna, mwanangu. Lile jibu ni langu."

"Jibu gani, mama?"

"La siku saba. Niliwafundisha mimi. Niliwapanga mstari kanisani nikawauliza, mpaka wakashika." Akasukuma bakuli pembeni. "Na leo mchana umeniuliza nikakwambia labda ndivyo wanavyojisikia. Huo ni uongo wa pili. Wala sikuwa na njaa ya kusingizia."

Husna alimtazama. Kwanza uso wake ulikaza, na Rogathe akajiandaa kupokea anachostahili. Kisha binti akaweka kijiko chini, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya ushungi. Na ule ufutaji macho ukaendelea baada ya kicheko kwisha.

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuja na karatasi. Huku kwetu mtu akija na karatasi ana jibu lake analolitaka. Sisi tulitaka upate lililo zuri."

"Sikuwa na jibu ninalolitaka."

"Ndiyo najua sasa."

Walikula makande yaliyopoa. Hakuna aliyejua la kufanya. Rogathe alisema atakwenda kwa wenzake kuwaambia waanze upya, Husna akasema wakilazimishwa kusema kweli haitakuwa tofauti na kulazimishwa kusema uongo, na fomu yake inasema mshiriki akikataa hasumbuliwi. Wakalala hivyo.

Kesho yake Alhamisi kulikuwa na msaragambo, kazi ya kusaidiana, kwa Bibi Justa. Lori la mnunuzi lilikuwa linapanda Ijumaa, na tangawizi ya bibi ilikuwa bado na udongo wake. Peke yake angeiosha mpaka Krismasi. Rogathe akamwambia Husna waende wote. "Acha daftari. Kichwa nacho kinahitaji kupumzishwa."

Waliwakuta wajane saba wamezunguka mabeseni karibu na mfereji, kanga zimefungwa kiunoni, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Husna akaamkia mzunguko mzima, shikamoo moja kwa kila mmoja, akapewa kigoda, beseni na brashi. Mwanzo walimtazama kwa pembe ya jicho. Lakini tangawizi haina adabu. Ukishaanza kukwangua udongo kwenye mikunjo yake unalazimika kuangalia mikono yako, na mtu asiyetazamwa ulimi wake hulegea. Wakasema habari za lori. Wakasema habari za kwaya ya vijana, jinsi mpiga kinanda mpya anavyopiga kama anafukuzwa. Kisha Devotha, mdogo kuliko wote, aliyefiwa na mumewe Loth kwa ajali ya pikipiki miaka miwili nyuma, akapiga miayo.

"Wewe hulali?" Bibi Justa akamuuliza.

"Nalala, bibi. Usingizi wa vipande vipande."

"Unalala wapi kitandani?"

"Maswali gani hayo, bibi?"

"Najibu mwenyewe basi. Miaka arobaini na mmoja nililala ukutani. Mume wangu Sadock alitaka upande wa mlango, eti mwizi akija amkute yeye kwanza. Mwizi hakuja, ila mimi nilikula chokaa. Siku tuliyomzika, watu walipoondoka, nikalala katikati. Katikati kabisa, mikono huku na huku. Nikalala kama mtoto. Asubuhi nikajiona mwenye dhambi, nikamwomba Mungu msamaha, usiku nikalala katikati tena."

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Bibi Justa peke yake hakucheka. Aligeuza kipande cha tangawizi, akatafuta udongo ambao haukuwepo.

"Mwaka wa tatu nikarudi ukutani," akasema. "Katikati pana baridi."

Hapo Husna akainua mkono wenye brashi kama mwanafunzi.

"Mama zangu, nisameheni. Naomba msimame kidogo."

"Tumekosa nini?"

"Hamjakosa. Mimi ndiye niko hapa kama mgeni wa kuosha tangawizi, na haya ninayoyasikia ndiyo niliyotumwa kuyasikia. Siwezi kuyabeba kichwani kimyakimya nikayaandike. Itakuwa wizi. Ama mnipe ruhusa, ama niende kuosha kule mbali."

Wajane wakatazamana. Yudith akaweka brashi chini taratibu.

"Lakini sisi tulishakujibu," akasema. "Kila mmoja."

Rogathe aliona kwamba zamu yake imefika. Angeweza kunyamaza tena. Husna hakumtazama hata kidogo, na hilo ndilo lililomsukuma.

"Nimemwambia," akasema. "Jana. Kwamba yale majibu niliyapanga mimi."

"Umetuuza," Yudith akasema.

"Nimejiuza mimi. Nyinyi mlinisikiliza tu. Nilisema anatafuta waliochanganyikiwa, tukaogopa..."

"Niliyesema hivyo ni mimi," Yudith akamkatiza.

"Na mimi mwenyekiti nikaitikia. Mtoto wa watu anarudishwa mwaka mzima kwa sababu nilimfanya mgeni wangu ni mwalimu wa kipaimara. Usiku nimeshindwa kumwombea. Yudith, wewe unanijua. Umewahi kunisikia nikisema amina katikati?"

Bibi Justa ndiye aliyejibu, huku akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mficha uchi hazai. Lete hizo karatasi zako, binti. Na safari hii nitasema siku tano."

Husna akakimbia nyumbani kwa Rogathe, akarudi na fomu mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Akazisoma kwa sauti: kwamba jina la mtu halitaandikwa, kwamba mtu anaweza kunyamaza, kwamba anaweza kuondoka katikati na hakuna atakayemnunia. "Na linalosemwa hapa nawaomba libaki hapa," akaongeza. "La kwenye tangawizi libaki kwenye tangawizi," Bibi Justa akapitisha. Wakasaini kwa vidole vyenye maji, wino ukatawanyika. Simu ikawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa kitako juu, ikafunikwa kitambaa isirukiwe na maji, na baada ya dakika kumi hakuna aliyeikumbuka.

Mazungumzo hayakwenda kwa mstari. Yalikwenda kama maji ya shambani, yanazunguka jiwe, yanasimama, yanapata njia. Husna aliuliza machache sana. "Halafu ikawaje?" Au, "Nieleze hapo, mama." Mara nyingi alikwangua tu.

Devotha alisema bado ana laini ya simu ya Loth. Laini isipotumika inafungwa na kupewa mtu mwingine, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi anaiwekea vocha, anajipigia kutoka simu ya marehemu kuja yake. Jina linatokea kwenye kioo: Baba Jenifer anapiga.

"Unapokea?" Rogathe akauliza.

"Hapana. Naiacha iite tu. Inanitosha." Akamtazama Husna. "Ndiyo kuchanganyikiwa huko?"

"Hapana, mama Jenifer," Husna akasema. "Mama yangu hapo Same, mwaka wa nne huu, anapiga pasi kanzu ya baba kila Alhamisi. Anaitundika tayari kwa Ijumaa. Na ndiye anayeendesha duka zima, hakosei hesabu."

"Bahati?" Rogathe akashangaa. "Bahati huyu ninayemjua?"

"Huyohuyo. Msimwambie nimesema."

"La kwenye tangawizi," wakaitikia wote.

Yudith hakuhama kwenye jibu lake. Zamu ilipomfikia alikohoa, akakaa wima, akasema alipofiwa alilia siku saba, akanyamaza, akamshika Yesu, na sasa hana neno. Wenzake wakaguna. Husna akawazuia.

"Kama ndilo la kwake, ni la kwake. Asante, mama."

"Ni la kwangu," Yudith akasema kwa ukali kidogo. "Rogathe aliliokota kwangu. Mlidhani alilitoa wapi?"

Rogathe akakumbuka, na ni kweli. Siku ya arobaini ya mume wa Yudith, maneno yalikuwa yaleyale. Jamani, binadamu.

Halafu wakabaki wanamtazama yeye. Alikuwa hajahojiwa kabisa. Mshiriki wa kumi na mbili alijiweka mwisho makusudi.

Watu wote wa Myamba walijua kwamba mumewe, Tumainieli, alikuwa mgawa maji wa ndiva, lile bwawa la juu la kukusanyia maji ya mashamba, na kwamba alikufa kwa homa ya mapafu. Walijua pia kwamba tangu hapo, miaka tisa sasa, zamu ya maji ya Rogathe, Jumamosi asubuhi, anamwachia Yudith. Waliona ni ukarimu.

"Alikuwa na kikohozi," Rogathe akasema. "Siku tatu. Mvua inanyesha, na zamu ilikuwa ya jirani, akataka kwenda kuizibua ndiva yeye mwenyewe asije akazidishiwa mtu. Nikamwambia usiende. Akavaa buti. Nikamwambia, nenda basi, hayo maji ndiyo mke wako. Akacheka, akaenda. Aliporudi alikuwa anatetemeka, akalala, hakusema tena la maana mpaka siku ile alipofariki. Kwa hiyo neno langu la mwisho kwake ndilo hilo." Akakwangua kidogo. "Sikuwanyima maji, sikuyasusa. Siwezi tu kuyatazama yakitoka. Naona kama nitamkuta mwenzangu kasimama pale."

Hakulia. Alikuwa amedhani kwamba siku atakayosema maneno hayo nyumba itaanguka. Hakuna kilichoanguka. Mfereji uliendelea kupita, Bibi Justa akamsogezea beseni lenye maji safi, na Devotha akachukua lile chafu akamwaga.

"Na alicheka?" Husna akauliza.

"Nini?"

"Ulipomwambia. Umesema alicheka."

Rogathe akafikiri. Kwa miaka tisa alikuwa amekumbuka maneno yake mwenyewe, kila herufi. Kile kicheko alikuwa akikiruka kama mtu arukavyo dimbwi njiani.

"Alicheka," akasema. "Alikuwa mtu wa kucheka. Akasema, 'Basi nina wake wawili, na huyu wa pili hapiki.'"

Wajane wakaangua kicheko, naye akacheka nao, kamasi za baridi zikimtoka puani, mikono ikinuka tangawizi hadi kwenye viwiko.

Kazi ilikwisha kabla ya saa tisa. Magunia yakajaa. Walipokuwa wanafunga kamba, Rogathe akamwambia Yudith, kwa sauti ya kawaida kama anaagiza chumvi:

"Jumamosi hii maji nitafungua mwenyewe."

"Na kabichi zangu?"

"Utapata yanayobaki."

"Miaka tisa nimeyazoea, halafu yanayobaki," Yudith akanung'unika, lakini alimkazia ile kamba mafundo mawili badala ya moja. Kisha, bila kumtazama Husna, akasema kwamba wale wanne ambao hawakuja leo atawapitia yeye kuwaambia wasiogope, na kwamba kama kuna kunde za kuchambua kwake kesho, hakatazi mtu kuja na simu.

Husna aliandika siku mbili mfululizo, visikilizio masikioni, akitoka tu kuswali na kula. Jumatatu ujumbe ulifika wakati wa chai. Akasoma kwa sauti: msimamizi anasema sasa amewasikia watu, aendelee, na wiki hii ashuke chuoni kuandika.

"Na yale ya kwanza?" Rogathe akauliza. "Yale ya saba saba. Umeyachoma?"

"Nimemwambia yalivyotokea. Bila majina. Anasema nisiyatupe hata moja, nieleze kwa nini watu walitafuta jibu moja la kujificha."

"Kwa hiyo uongo wangu utasomwa chuoni."

"Sura ya nne, mama."

"Haya," Rogathe akasema, akamwongezea chai. "Uandike vizuri basi. Na useme tulitubu."

Jumatano asubuhi alimsindikiza hadi kituo cha magari ya Same, na mfuko wa tangawizi ya Bahati, ile iliyonona, iliyooshwa vizuri. Waliporudi wote wawili kuangalia kama kuna kilichosahaulika juu ya benchi la kituoni, Husna akamshika mkono.

"Mama, Jumamosi hukunisimulia. Ulimkuta?"

"Nani?"

"Pale kwenye ndiva."

Rogathe akarekebisha mtandio wake. Gari lilikuwa linapiga honi.

"Nilikuta kizibo kimekwama," akasema. "Yudith miaka yote tisa amekuwa anakizidishia matope. Nilivuta mpaka nikaanguka kitako. Maji yakatoka yakanilowesha buti." Alikuwa anatabasamu. "Za marehemu. Zinanitosha nikivaa soksi mbili."